Mali Isiyoshikika Nayo ni Urithi

Kwetu, ukisema wewe ni wakili, watu hufikiria kesi za viwanja na za wizi. Nilipomweleza mama kwamba nashughulikia sheria za teknolojia na miliki ubunifu, aliuliza, "Kwani huyo mteja wako ameibiwa nini?" Nikamjibu, "Jina la biashara yake." Akacheka sana. "Jina nalo linaibwa?"

Linaibwa, msomaji wangu. Mahakamani naenda mara chache. Siku zangu nyingi hupita nikisoma mikataba ya vijana wanaotengeneza programu za simu, nikiandaa maombi ya alama za biashara BRELA, na kuwakumbusha wateja kuwa alama iliyosajiliwa Bara hailindwi Zanzibar. Kule inasajiliwa peke yake.

Kazi iliyonigusa kuliko zote ilikuwa ya mjane mmoja. Marehemu mumewe aliandika programu ya kutunza hesabu za vikoba, akaiuza pamoja na rafiki zake wawili. Alipofariki, ndugu walikaa kikao cha mirathi wakahesabu kiwanja, pikipiki na friji. Programu haikutajwa na mtu. Rafiki wale waliendelea kuiuza, na mjane alipouliza aliambiwa, "Shemeji, marehemu aliacha kompyuta tu, na kompyuta tulishakuletea."

Sivyo sheria inavyosema. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda programu ya kompyuta kama inavyolinda kitabu. Ulinzi huo hausubiri usajili, na hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Maana yake, hata wajukuu wanaweza kunufaika.

Ugumu ulikuwa ushahidi. Hapakuwa na mkataba, hata wa ukurasa mmoja. Tulikusanya barua pepe za marehemu, mafaili yenye tarehe, na ujumbe aliowatumia wenzake siku alipomaliza kuiandika. Mahakama ilimteua mjane kuwa msimamizi wa mirathi, ndipo tukaketi mezani na wale rafiki. Mazungumzo yalichukua miezi minane. Sasa anapata fungu lake kila mwezi, na ada za watoto zinatoka humo.

Tangu hapo, kila kijana anayekuja ofisini na wenzake namuuliza swali ambalo wengi hawalipendi: "Mmoja wenu akifa kesho, mkewe au mumewe atapata nini?" Hutazamana, kisha huomba karatasi.

Nawe, kama mwenzi wako anatunga nyimbo, anaandika vitabu, anachora au anatengeneza programu, muulize leo kazi zake ziko wapi, anashirikiana na nani, na wameandikiana nini. Kuuliza si kumtakia mabaya. Kiwanja kina jirani wa kukitolea ushahidi. Kazi iliyo ndani ya kompyuta haina, isipokuwa maandishi.