Mcheza Kwao Hutuzwa. Na Aliye Mbali Je?

Wahenga walilonga kuwa mcheza kwao hutuzwa. Methali hii nimeifundisha mara nyingi katika shule ya kutwa ninakofanya kazi kama mwalimu wa BOM, na nimewapa alama nzuri wanafunzi walioifafanua ipasavyo. Sikudhani kamwe kuwa siku moja ingegeuzwa na kuelekezwa kwangu, tena na baba yangu mzazi.

Kisa chenyewe ni barua. Chuo kikuu kimoja cha Marekani kimenialika nikafundishe Kiswahili huko kwa mwaka mmoja, pindi nitakapowasilisha tasnifu yangu ya uzamili. Nilipoipeleka barua hiyo nyumbani Kitale, Baba, ambaye ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, aliisoma mara mbili, akavua miwani, akasema: "Mwanangu, mcheza kwao hutuzwa. Hawa wa hapa unamwachia nani?"

Sikuwa na jibu siku hiyo. Hata hivyo, usiku nilikumbuka neno ambalo Baba mwenyewe alilitamka alasiri ya tarehe 4 Agosti 2021. Tulikuwa mkahawani mjini tukitazama fainali ya mita 800 ya Michezo ya Olimpiki ya Tokyo. Emmanuel Korir alishinda kwa dakika 1 na sekunde 45.06, naye Mkenya mwenzake, Ferguson Rotich, akamfuata. Wateja waliinuka wakashangilia, chai ikamwagika. Baba hakuinuka. Alitikisa kichwa kwa furaha, akasema, "Huyo ni kijana wa Ereng."

Huenda baadhi ya wasomaji wa rika langu hawamjui Paul Ereng. Alizaliwa mwaka 1967, na hadi mwaka 1988 alijulikana kama mkimbiaji wa mita 400. Mwaka huo ndio aliogeukia mita 800, akiwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Virginia, na mwaka huo huo akaenda Seoul. Katika fainali hakuwa miongoni mwa waliotangulia mzunguko wa kwanza. Katika mnyoosho wa mwisho ndipo alipompita Joaquim Cruz wa Brazil, bingwa wa mwaka 1984, akatwaa dhahabu kwa dakika 1 na sekunde 43.45. Baba aliyasikia hayo redioni, na hadi leo huyasimulia kana kwamba alikuwapo uwanjani.

Aghalabu masimulizi yetu kuhusu mabingwa hukomea hapo: medali, wimbo wa taifa, mapokezi. Maisha ya Ereng hayakukomea hapo. Mwaka 2003 alianza kuwanoa wakimbiaji wa mbio za nyika katika Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso, mji wa jangwani ulio mpakani na Mexico. Chuo hicho hakikuwa kigeni kwa Afrika Mashariki, maana ndicho alichokikimbilia Mtanzania Suleiman Nyambui, aliyenyakua fedha ya mita 5,000 mjini Moscow mwaka 1980. Huko El Paso ndiko Korir alikokutana na Ereng. Mwaka 2017 kijana huyo alishinda mita 800 za vyuo vikuu vya Marekani, ndani ya ukumbi na uwanjani. Mwaka 2021 akaiweka shingoni dhahabu ile ile aliyoivaa mwalimu wake miaka 33 awali.

Ninachojifunza hapa ni kwamba jasho la mwalimu lilidondoka ugenini, ilhali bendera iliyopanda ilikuwa ya kwao. Je, mtu kama huyo alicheza kwao au alicheza mbali? Nashawishika kwamba neno "kwao" katika methali yetu halina budi kusomwa upya. Kwao mtu si udongo anaoukanyaga tu, bali pia ni watu anaowatumikia.

Nilimpelekea Baba hoja hiyo nikiamini kuwa nimemshinda. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanijibu kwa upole: "Lakini Ereng aliwapokea waliokwisha kupata tiketi ya ndege. Mimi nakuuliza habari za wasioipata."

Nakiri kwamba jibu hilo lilinichoma. Kabla ya Korir kufika El Paso, kuna watu walioona mbio zake zingali changa, nao hawakuonekana Tokyo wala kutajwa mkahawani. Baba amekuwa mmoja wa watu wa namna hiyo kwa muda wake wote wa kazi. Hoja yangu haikufutika, ila niligundua kuwa ilikuwa nusu tu ya ukweli. Anayepokea kijiti mbali hana haki ya kumsahau aliyekianzisha nyumbani.

Nimetia sahihi barua ile, kwa mwaka mmoja tu. Mwenzangu shuleni amekubali kuwashika wanafunzi wangu wa fasihi, nami nimewaahidi kurejea. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Baba hajaniambia niende wala nisiende. Juzi, hata hivyo, alinipigia simu akitaka kujua kama wanafunzi wa huko nitawaanzishia ngeli au methali. Nilimjibu kuwa nitaanza na methali, na yeye anajua ni ipi.