Formentera: Kisiwa cha Nanga na Majani

Leo tufunge safari ya mbali. Twende mpaka Bahari ya Kati, ile iliyo kati ya Ulaya na Afrika, ambamo Mtume Paulo alipatwa na dhoruba kali. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 27, twasoma ya kuwa wanamaji wake walitupa nanga nne upande wa tezi, wakangoja kupambazuke. Nanga ndiyo itakayotuongoza sisi pia. Ni chombo kisichosifiwa kama tanga au injini. Lakini usiku, upepo unapovuma, usalama wa wote waliolala chomboni wategemea kipande hicho cha chuma kilichozama gizani.

Kisiwa chenyewe

Formentera ni kisiwa cha Hispania, kilicho kidogo kuliko ndugu zake Mallorca, Menorca na Ibiza. Eneo lake ni kilometa za mraba 83 tu. Hakina uwanja wa ndege. Mgeni hushuka Ibiza, kisha hupanda meli ndogo, na baada ya nusu saa hivi afika katika bandari ya La Savina. Mji wake mkuu waitwa Sant Francesc Xavier, kwa heshima ya Mtakatifu Fransisko Ksaveri, mmisionari wa Mashariki. Kanisa lake lilijengwa katika karne ya 18, nalo lafanana na ngome kuliko kanisa: kuta nene, madirisha machache, na hapo kale mizinga iliwekwa juu ya paa. Sababu ni maharamia. Kwa ajili yao, na kwa ajili ya tauni, kisiwa kilikaa karne nyingi karibu bila watu, mpaka familia zilipoanza kurudi mwishoni mwa karne ya 17.

Maharamia wamekwisha, lakini vyombo bado vyaja. Kila mwaka katika mwezi wa Julai na Agosti, bahari iliyo kati ya Formentera, Ibiza na kisiwa kidogo cha Espalmador hujaa mashua za matanga na za injini, zenye wenyewe kutoka Hispania, Ufaransa, Italia, Ujerumani na Uingereza. Waja kwa sababu ya mchanga mweupe na maji maangavu, hata mtu aweza kuuona mnyororo wa nanga yake umelala chini meta kumi.

Ukiyatazama maji hayo kutoka mlimani, waona rangi mbili. Mahali pengine ni rangi ya samawati nyepesi yenye kung'aa. Mahali pengine pana weusi, kama kivuli cha wingu. Palipo peupe ni mchanga. Palipo peusi ni majani. Shika sana jambo hilo, msomaji, kwa maana habari yote iliyobaki yatoka hapo.

Shamba lililo chini ya maji

Majani hayo yaitwa posidonia. Si mwani. Ni mmea kamili wenye mizizi, mashina, maua na matunda, ambao huota chini ya bahari hata kwenye kina cha meta 40 hivi, maji yakiwa safi. Majani yake ni kama utepe, nayo yaweza kufikia urefu wa meta moja. Humo samaki hutaga mayai, na wadogo hujificha wasiliwe. Viumbe vidogo vyenye magamba huishi juu ya majani, na vikifa magamba yao husagika kuwa mchanga. Basi sehemu kubwa ya ule mchanga mweupe unaowavuta wageni ni zawadi ya majani yale meusi wasiyoyajali. Tena majani makavu yanayotupwa pwani hulinda ufuo usiliwe na mawimbi, na wazee wa kisiwa waliyatandaza katika paa za nyumba zao ili kuzuia joto na baridi.

Mwaka 1999 UNESCO iliyatia mashamba hayo ya Ibiza na Formentera katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka 2006 wataalamu walitangaza kwamba karibu na Formentera wamegundua mmea mmoja tu ulioenea kilometa kadhaa. Wako wanaokadiria umri wake kuwa miaka 100,000. Lakini posidonia hutambaa polepole mno, sentimeta chache tu kwa mwaka. Nanga moja ikiburuzwa kwa dakika tano yaweza kung'oa kilichoota tangu siku za babu zetu.

Kutoka jiwe hata beleshi

Mabaharia wa pwani ya Waswahili walitofautisha nanga na baura. Nanga ni yenye makombe manne, ndiyo mikono inayochimba chini. Baura ni ile ya Kizungu yenye makombe mawili. Wavuvi wengi wa maziwa yetu hawana hii wala ile: hufunga jiwe zito kwa kamba, basi. Kwa jiwe, uzito ndio kila kitu. Kumbe nanga njema haishiki kwa uzito wake, bali kwa mchanga ulioifunika. Ndiyo maana nanga ya kilo 15, mtu mmoja aiwezayo kuiinua, yaweza kuzuia chombo cha tani kadhaa.

Mtu aliyelifikiri sana jambo hilo ni Geoffrey Ingram Taylor, mtaalamu wa hesabu wa Cambridge, Uingereza, ambaye mwenyewe alikuwa na mashua ya tanga. Mwaka 1933 alibuni nanga yenye umbo la plau, inayojichimbia chini kadiri inavyovutwa. Akaiita CQR, herufi ambazo zikitamkwa kwa Kiingereza zasikika kama neno lenye maana ya “salama”. Miaka michache baadaye, Mmarekani Richard Danforth alitengeneza nanga nyepesi yenye makombe mawili mapana na bapa, ambayo ilitumiwa sana na mashua za kushusha askari katika Vita Vikuu vya Pili. Katika miaka ya 1970 Peter Bruce alileta nanga yenye umbo la ukucha. Kila moja ilikuwa na sifa yake na aibu yake. Ile ya Danforth, kwa mfano, hushika vizuri ajabu katika mchanga na matope. Lakini upepo ukigeuka ghafula yaweza kung'oka, isichimbe tena.

Mageuzi makubwa yalikuja mwishoni mwa karne ile. Katika miaka ya 1990 Mfaransa Alain Poiraud alitengeneza nanga iitwayo Spade, na mwaka 2004 Peter Smith wa New Zealand akatoa yake iitwayo Rocna. Wakulima wataelewa upesi tofauti yao na zile za kwanza. Plau imetengenezwa ipasue udongo na kupita. Beleshi limetengenezwa lichote udongo na kuushika. Je, nanga yataka kupita au kushika? Basi nanga hizi mpya zina tumbo la kubonyea kama beleshi, na ncha kali. Ya Mfaransa imetiwa risasi katika ncha ili ianguke ikielekea chini. Ya Smith ina upinde wa chuma mgongoni, wazo lililotumika kwanza Ujerumani. Nanga ikianguka chali, upinde huo huigeuza.

Wenye mashua wasemaje?

Wenye mashua hubishana juu ya nanga kama wachungaji wanavyobishana juu ya ng'ombe wao. Hata hivyo wengi waliozijaribu hizi mpya wakubaliana katika mambo mawili. Kwanza, katika mchanga huchimba upesi, haziburuziki mbali kwanza. Pili, upepo ukigeuka, huzunguka zikiwa chini au hujichimbia tena. Baba aliyezoea kuamka mara nne usiku kutazama taa za pwani, sasa hulala.

Lakini lawama zipo. Tumbo la beleshi hupanda na tonge zito la matope, na omo ya chombo huchafuka. Upinde hauingii katika omo za mashua fulani, na pengine jiwe hukwama ndani yake. Bei ni kubwa. Zaidi ya hayo, juu ya mwamba mtupu na juu ya majani manene, nanga mpya yaweza kuaibika kama ile ya zamani. Katika posidonia, makombe huteleza juu ya majani kama mguu juu ya nyasi zenye umande. Au ncha hunasa katika mizizi, nahodha adhani imeshika. Kisha upepo unapozidi, fundo lote hung'oka pamoja na mizizi yake. Wahenga wasema: wapiganapo tembo wawili, ziumiazo nyasi. Hapa upepo ni tembo, chombo ni tembo, na nyasi ni nyasi kweli.

Kwa hiyo nahodha mwenye akili hutafuta ile rangi nyepesi. Huelekeza omo kwenye upepo, hushusha nanga taratibu, huku chombo kikirudi nyuma. Kisha hupima mnyororo. Kina kikiwa meta 6, na omo meta 1 juu ya maji, jumla ni 7. Azidishe mara tano, apate meta 35. Upepo ukitazamiwa kuwa mkali, mara saba au zaidi. Mnyororo mfupi huinyanyua nanga. Mnyororo mrefu huivuta kwa ulalo, ikazidi kuzama. Baadaye huirudisha injini nyuma polepole, na wengi huvaa miwani ya kuzamia wakaenda kuitazama kwa macho yao. Wanafunzi nao wakumbuke hesabu hii: nguvu ya upepo juu ya chombo haikui sawasawa na mwendo wake. Upepo ukienda kasi mara mbili, nguvu ni mara nne. Mara tatu, nguvu ni mara tisa. Nanga iliyotosha jioni huenda isitoshe alfajiri.

Siku ya dhoruba

Tarehe 14 Agosti 2024 dhoruba iliipiga Formentera, katikati ya msimu wa wageni. Mashua nyingi zilisukumwa zikapanda mchangani na juu ya miamba. Katika dhoruba ya namna hiyo, hata mwenye nanga bora na mnyororo mrefu hana hakika, kwa maana jirani yake mwenye mnyororo mfupi aweza kuburuzwa mpaka akamwangukia na kuing'oa nanga yake. Katika ghuba iliyojaa, uzembe wa mmoja ni hatari ya wote.

Serikali ya visiwa ilikuwa imekwisha kutoa amri mwaka 2018: ni marufuku kutia nanga juu ya posidonia, na anayevunja amri hutozwa faini. Mashua za ulinzi hupita kati ya vyombo, zikiwaonyesha manahodha mahali penye mchanga. Ziko ramani ambazo mtu huzitazama katika simu yake, na mahali pengine yamewekwa maboya, ili chombo kifungwe pasipo kutupa nanga kabisa. Wengine walinung'unika kwamba uhuru wa bahari umepunguzwa. Lakini ukipima vizuri, amri haikumnyima nahodha kitu chema. Ilimkataza kutia nanga mahali ambapo, hata bila amri, nanga yake haishiki vizuri. Linalofaa majani lamfaa na yeye.

Basi, tangu jiwe la mvuvi hata beleshi la New Zealand, watu wameifanya nanga kuwa nyepesi zaidi na yenye nguvu zaidi. Lakini kazi moja haikuwezwa na fundi yeyote kuitia katika chuma: kutazama chini kabla ya kuitupa. Hiyo imebaki mikononi mwa nahodha. Na katika maji ya Formentera, yaliyo maangavu hivyo, nani atasema hakuona?