Mieleka Katika Dungu

Mpunga unapokaribia kuiva katika Masagati, usingizi wa alfajiri huwa haramu. Ndege huamka pamoja na mwanga, na mlinzi wa shamba hana budi kuwatangulia. Hupanda dungu, ule ulingo wa miti unaosimama juu ya mpunga, akashika teo lake, akaamia mpaka ndege warudi vichakani jioni. Kazi hii si nzito kwa mikono. Ni nzito kwa moyo. Mtu hutazama masuke siku nzima, na masuke hayamwambii neno. Aghalabu kazi hiyo hupewa vijana, na kwa kijana ukimya ni mzigo kuliko gunia.

Kijana mmoja wa huko, aliyekuwa akikaa kwa mjomba wake, aliutua mzigo huo kwa njia yake mwenyewe. Alikuwa amekwenda Ifakara kuuza mpunga wa mwaka uliopita, safari ndefu ipitayo Mlimba penye stesheni ya reli ya TAZARA, akarudi na simu aliyorushiwa mchezo wa Kijapani. Mchezo huo huitwa Guilty Gear. Ulitungwa na Daisuke Ishiwatari, Mjapani aliyezaliwa Johannesburg, na ulitolewa mara ya kwanza katika mwaka 1998 na kampuni ya Arc System Works ya Yokohama. Toleo la kijana lilikuwa mojawapo ya yale yaliyofuata.

Ndani yake wapiganaji wawili husimama uso kwa uso, na nyuma yao hunguruma muziki wa hevi metali, magitaa ya umeme yakishindana na ngoma kama mvua ya masika juu ya bati. Mmoja wa wapiganaji hao ni Robo-Ky, mtu wa mashine, nakala ya chuma ya askari aitwaye Ky Kiske. Ana nguvu na vitimbi vingi, lakini ana joto ndani yake; likimzidi, hulipuka na kujiumiza mwenyewe. Mwingine ni Potemkin, pandikizi la mtu lililovaa chuma mikononi, ambalo hadithi yake yasema kuwa lilikuwa askari mtumwa mwenye kola shingoni. Potemkin ni mzito wa mwendo. Hana budi kuvumilia mapigo mengi mpaka amfikie adui. Lakini akimkamata, kinga haifai kitu, humnyanyua na kumbwaga chini.

Kijana alipambana na Robo-Ky juu ya dungu asubuhi tatu mfululizo. Asubuhi ya nne mjomba alikuja shambani. Pembe ya mashariki ya shamba ilikuwa imesimama wima kama kawaida, majani yake mabichi kwa manjano, ila masuke yalikuwa mepesi mkononi. Ndege walikuwa wamekula punje na kuacha makapi. Sehemu hiyo, kwa hesabu ya mjomba, ndiyo iliyokuwa ada na sare za shule za mdogo wake kijana.

Mjomba hakupiga kelele. Alipanda dungu, akaketi, akasema, "Nionyeshe mwizi wangu."

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Nionyeshe."

Kijana alifungua simu kwa vidole vilivyotetemeka. Mzee alitazama chuma kikigongana na chuma, akasikiliza magitaa, akauliza kitu hicho ni cha watu gani. Kijana aliona mlango wa kutokea. Alieleza kwamba si kitu cha ugenini mtupu. Shujaa wake mkuu huitwa Sol Badguy, lakini jina lake la asili katika hadithi ni Frederick Bulsara, nalo limechukuliwa kwa mwimbaji wa bendi ya Queen, Freddie Mercury, ambaye alizaliwa Unguja katika mwaka 1946 na kuitwa Farrokh Bulsara.

Maneno hayo yalikuwa kweli. Ukoo wa Bulsara ulikuwa wa Waparsi, na jina lake latokana na mji wa Bulsar katika Gujarat. Jina hilo lilivuka bahari likafika Unguja. Katika mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, likahamia Uingereza. Kisha Mjapani mpenda muziki akalitia katika mchezo wake, na mchezo ukaja mpaka bonde la Kilombero katika mfuko wa suruali. Majina husafiri kuliko wenye majina. Mwimbaji alifariki katika mwaka 1991, miaka saba kabla ya mchezo huo kutokea.

Mjomba alitikisa kichwa. "Mtoto wa Unguja aliondoka na jina lake," alisema. "Wewe umeondoka na mpunga wangu." Kisha akanyamaza kidogo, akauliza, "Na huyo shujaa, anapigania nini?"

Kijana alieleza alivyofahamu. Frederick alikuwa mwanachuoni. Alishiriki katika kazi ya kubadili viumbe hai kuwa silaha, zile ziitwazo Gear. Mwisho naye akageuzwa silaha. Tangu hapo hutembea duniani akiziangamiza silaha hizo, kwa kuwa mkono wake ulikuwamo katika kuzaliwa kwake.

"Basi huyo amefahamu deni lake," mjomba alisema. "Wewe la kwako umelifahamu?"

Kijana alikuwa ameandaa majibu kwa ajili ya kofi na kwa ajili ya tusi. Kwa swali hili hakuwa nalo. Mara nyingi wakubwa hulaumu chombo, na vijana hukitetea chombo, na katika ugomvi huo kosa lenyewe hupata pa kujificha. Simu haikuwaita ndege, wala Mjapani hakumwambia mtu yeyote wa Masagati aache kuamia. Lakini pia uzuri wa mchezo, na undugu wa jina la Unguja, haurudishi punje katika suke. Mambo yote mawili ni kweli, na mtu mzima ni yule awezaye kuyachukua yote mawili bila kuliangusha moja.

Simu ililala katika sanduku la mjomba mpaka mavuno. Kijana aliamia bila kuamshwa, na mpunga wa wengine ulipokwisha kuvunwa alikwenda kuwa kibarua kwa majirani, akibeba magunia, mpaka ada ya mdogo wake ikatimia. Sare ilinunuliwa imechelewa.

Siku aliyorudishiwa simu, mjomba aliketi karibu naye akaomba apewe yule mzito mwenye chuma mikononi. Maana ujanani aliwahi kushindana mieleka na wenziwe mchangani, na mwendo ule aliujua. Alishindwa mara tano na mtu wa mashine. Mara ya sita alivumilia mapigo, akasogea polepole, akamkamata. Magitaa yakanguruma. Mzee alicheka peke yake, akarudisha simu, akauliza kama teo limefungwa kamba mpya.