Kompyuta Inayolala Isiamke



Wengi wetu tunatumia laptopu za mkono wa pili. Windows ikizilemea tunaweka Linux, maana ni ya bure na nyepesi. Sasa kuna aina moja ilitusumbua sana: zile ndogo zenye prosesa za familia ya Bay Trail, zilizotoka mwaka 2013. Unaandika vizuri, ghafla kila kitu kinaganda. Mausi haisogei, kibodi haijibu, hata saa ya pale konani inasimama. Unabaki kubana kitufe mpaka izime. Ulichoandika bila kuhifadhi, kwisha.

Dada mmoja wa kikundi alipoteza barua yake ya kuomba ufadhili wa chuo mara tatu, na siku ya mwisho inakaribia. Fundi mmoja akasema ni virusi. Mwingine akasema nunua nyingine. Nunua na nini jamani? Wengine wakaanza kusema dada ana mkono mbaya. Hapo tukakataa, tukatafuta chanzo.

Chanzo ni usingizi. Prosesa ikikosa kazi, hata kwa sehemu ndogo ya sekunde, keneli, yaani kiini cha mfumo, huilaza ili isile betri. Usingizi una ngazi: C0 iko macho, C1 inasinzia, C6 na C7 imelala fofofo. Kwenye Bay Trail, ule usingizi mzito ndio wenye shida: mara nyingine inalala na haiamki. Watumiaji wa Linux duniani walishaliripoti hili tangu 2015, na njia ya kulizunguka ikapatikana: izuie isipite kusinzia.

Sasisha keneli kwanza, huenda ikatosha. Ikiendelea kuganda, fungua faili /etc/default/grub kwa sudo. Kwenye mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT, ndani ya alama za kunukuu, ongeza intel_idle.max_cstate=1. Hifadhi, andika sudo update-grub, uwashe upya. Kuhakikisha, andika cat /sys/module/intel_idle/parameters/max_cstate. Ikijibu 1, imekubali.

Tulifanya hivyo kwa ile ya dada. Aliandika usiku mzima, haikuganda, barua ikatumwa kwa wakati.

Lakini ina gharama yake. Prosesa isiyolala inakula betri, na Kampala umeme unakatika wakati haujajipanga. Tulibishana sana juu ya hilo. Tukakubaliana: afadhali betri inayoisha mapema ukiwa unajua, kuliko mashine inayokuangusha katikati ya sentensi. Kwa hiyo chaji mapema, na hifadhi kila aya.

Kama yako inaganda, usikubali haraka kuambiwa ni wewe. Andika lscpu, soma jina la prosesa, utuwekee hapa chini. Tutaangalia pamoja.