Swali la Binti wa Keringet



Wasomaji wetu watukufu, mwezi wa Novemba 2019 tulisafiri kutoka Mombasa hadi Keringet, kaunti ya Nakuru, kuhudhuria akika ya mtoto wa mpwa wetu ambaye ana duka la vitambaa huko. Ukishapita Molo, njia hupanda kwenye mashamba ya viazi na chai, na baridi yake ilitufanya sisi watu wa pwani tuswali alfajiri tumejitanda blanketi.

Siku hizo mashindano ya CECAFA ya soka la wanawake yalikuwa yakichezwa Dar es Salaam. Jioni ya fainali vijana wa nyumba walizunguka simu moja wakifuatilia habari. Kenya iliwashinda wenyeji Tanzania, waliokuwa wametwaa kombe mwaka 2016 na 2018, kwa mabao 2-0, na likawa taji lake la kwanza. Nyumba ikajaa shangwe.

Ndipo binti mkubwa wa mpwa wetu, mwenye umri wa miaka 12, akatusogelea na kuuliza kwa sauti ndogo: "Babu, na mimi nikicheza mpira shuleni ni dhambi?"

Kabla hatujajibu, baba yake alidakia: "Si nimeshakwambia ni haramu? Au sivyo, mjomba?"

Tulinyamaza. Neno hilo tuliwahi kulitamka sisi wenyewe. Miaka mingi nyuma binti yetu alituomba ruhusa ya kucheza na wenzake, nasi tulimjibu kwa neno hilo moja, tukarejea kwenye kitabu tulichokuwa tukisoma. Hatukumuuliza atacheza wapi, na nani, wala atavaa nini. Hakuomba tena. Na tangu siku ile yapo mengi mengine ambayo hakutuuliza, akayapeleka kwa watu wengine.

Kuharamisha ni jambo zito. Tumefundishwa madrasani kwamba asili ya mambo ni uhalali mpaka ipatikane dalili ya kukataza. Na imepokewa kuwa Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Bibi Aisha (r.a.) safarini, bibi akamshinda, kisha siku nyingine, bibi alipokwisha kunenepa, Mtume akamshinda yeye. Mwili wa mwanamke nao una haki ya mazoezi na furaha.

Wapo wanazuoni wanaozuia wanawake kucheza mbele ya wanaume, na hoja zao tunaziheshimu. Stara ni wajibu, na swala haiahirishwi kwa ajili ya mechi. Lakini masharti ni kitu kimoja, na kufunga mlango moja kwa moja ni kitu kingine.

Basi tulimgeukia yule mtoto tukamuuliza: Mnacheza wapi? Akasema, kwenye uwanja wa shule. Nani anawafundisha? Mwalimu wa kike. Mnavaa nini? Hapo aliinamisha kichwa, akasema wenzake huvaa kaptula. Tukamwambia baba yake: "Mwanangu, wewe ni muuza vitambaa. Mshonee binti yako suruali ndefu na mtandio usiofunguka, uzungumze na mwalimu wake kuhusu saa za swala, na uende ukatazame mwenyewe." Mpwa wetu alikuna kichwa, kisha akakubali.

Hakumwomba mwanawe jambo geni. Hapo Keringet ndipo Faith Kipyegon, aliyetwaa dhahabu ya mita 1500 katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016, alikosomea sekondari, na wasichana kukimbia asubuhi hakumshangazi mtu. Wala kwetu Waislamu si jambo geni. Mashindano haya ya CECAFA ya wanawake yalichezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1986 visiwani Zanzibar, na Zanzibar yenyewe ndiyo iliyotwaa ubingwa. Yalikaa miaka 30 bila kuchezwa tena, hadi yalipofufuliwa Jinja, Uganda, mwaka 2016. Kuhusu mtandio, sheria za soka duniani ziliuruhusu rasmi mwaka 2014, na mwaka 2023 Nouhaila Benzina wa Morocco alicheza Kombe la Dunia akiwa amevaa hijabu.

Tuliporudi Mombasa tulimpigia simu binti yetu, ambaye sasa ni mama wa watoto, tukamweleza yaliyotokea na kumwomba radhi. Alicheka kidogo, kisha akasema: "Baba, ungeniambia tu nivae suruali ndefu, ningevaa."

Enyi wazazi wenzetu, binti akikuuliza, mshukuru Mungu kwamba amekuja kwako. Msikilize mpaka amalize. Kama jambo hulijui, sema hulijui, kisha uliza wenye elimu. Ukimzuia njia moja kwa sababu ya dini, mtafutie njia nyingine iliyo halali: uwanja wenye sitara, mwalimu wa kike, saa za wasichana peke yao. Na walimu wa madrasa, nasi tukiwamo, tusiwaachie wavulana peke yao uwanja wa Alhamisi jioni.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe kwa majibu tuliyoyatoa kwa haraka, na awahifadhi mabinti zetu katika afya, elimu na stara. Amin.