Maji Miguuni pa Abiria

Nilijua kuna tatizo siku mama alipovua kandambili ndani ya gari na kuniuliza kama nimeanza kufuga samaki. Tulikuwa tunatoka kliniki, Dar, mwezi wa 4, masika yamekolea. Zulia la upande wake lilikuwa limeloa chapachapa. Mfuko wa vitabu niliousahau chini ya kiti, vitatu kati yake vya kuazima, ulikuwa umevimba kama mkate uliochovywa kwenye chai.

Mkosaji nilimpata papo hapo: kijana anayeniosheaga gari kila Jumamosi. Nikamfokea mbele ya wenzake kwamba anamwaga maji ndani. Akasema, "Bosi, mimi ndani napitisha kitambaa tu. Hili gari linalala chini ya mti." Mti unahusiana nini na maji? Nikamwambia asiliguse tena.

Wiki mbili gari halikuoshwa, na zulia halikukauka. Hapo ningepaswa kumfuata. Badala yake nikajiambia ni maji yake yale yale, yamejificha kwenye sponji chini ya zulia. Na kweli sponji ile hutunza maji kwa siku nyingi; uongo mzuri huwa na kaukweli ndani yake. Fundi wa kwanza akasema ni mpira wa kioo cha mbele, akapaka silikoni, nikatoa 40,000. Mvua iliyofuata, bwawa likarudi.

Ndipo nikaamua kutafuta mwenyewe, taratibu. Nilichovya kidole: maji hayanati, hayana rangi wala harufu tamu. Basi hayatoki kwenye rejeta. Nikatoa kiti, nikalikunja zulia, nikaanika kila kitu juani, kisha nikatandika magazeti makavu sakafuni. Siku mbili za jua niliendesha na kiyoyozi kimewashwa muda wote, maana bomba la kutolea maji ya kiyoyozi likiziba, maji huishia miguuni pa abiria. Magazeti yakabaki makavu. Ilikuwa mvua basi, ila inapita wapi?

Jumapili nikamwingiza binti wa dada yangu ndani na tochi, mimi nikabaki nje na mpira wa maji. Siri ni kuanzia chini na kupanda, sehemu moja moja. Ukianza na paa, maji yatateremka kila mahali na hutajua yalikoingilia. Mlango, dakika 10, hamna kitu. Pembeni mwa kioo, hamna. Nilipofika chini ya kioo, pale waipa zinapolala, akapiga kelele: "Mjomba, linadondoka! Huku juu, kwenye feni!"

Nikafungua boneti, nikatoa ile plastiki chini ya waipa. Majani ya mwarobaini. Yalikuwa yameoza, yamekuwa tope jeusi, yameziba tundu la kupitishia maji ya mvua. Maji yakikosa pa kutokea yanapanda hadi kwenye njia ya hewa ya feni, yanashukia ndani. Nikazoa kwa mikono, nikajaza nusu ndoo. Nikamwaga maji tena. Yakatoka chini ya gari, nyuma ya tairi, yakichuruzika kama mtu aliyebanwa siku nyingi.

Binti alifurahi. Mimi nilikuwa nikiuangalia ule mti.

Jumamosi nikaenda kijiweni. Nilikuwa nimeandaa maneno marefu, hata neno "dhana" lilikuwemo. Alikuwa anasugua bodaboda ya mtu, wenzake wale wale wamekaa. Nikasema, "Ulikuwa mti. Nilikukosea, na nilikukosea mbele za watu." Hakuacha kusugua. Mmoja wao akacheka, akanyamaza.

"Jumamosi ngapi hizo?" akauliza.

Nikahesabu. Tano.

"Saizi kuosha ni 7,000," akasema. Zamani ilikuwa 5,000. Nikampa funguo.