Msimbazi: Mto wa Kusomwa kwa Mikono, Macho na Masikio

Ndugu msomaji, ikiwa wewe ni mkazi wa Dar es Salaam, Mto Msimbazi umeuvuka mara nyingi kuliko unavyokumbuka. Umeuvuka Jangwani ukitoka Magomeni kwenda kazini, umeuvuka Salender ukielekea Oysterbay, na aghalabu umefunga dirisha la basi kwa sababu ya harufu yake. Hebu leo tuufuate tangu unakoanzia. Lakini tusiende peke yetu. Tumchukue mtoto ambaye kwa kawaida huachwa darasani siku wenzake wanapotoka nje: asiyeona, kiziwi, au yule anayetumia kiti cha magurudumu.

Mto huu huanzia katika vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, ukashuka kiasi cha kilomita 35 hadi Bahari ya Hindi. Huko juu, somo lianzie mahali penye ukingo wa chini, ambapo kiti cha magurudumu chaweza kufika. Mtoto yeyote asiingie majini, maana kichocho hukaa penye konokono wa maji. Maji yatekwe kwa ndoo na kumiminwa katika beseni jeupe, na mikono ivae glavu za mpira.

Sasa msikilize mtoto asiyeona. Mwulize maji yanapiga kelele wapi. Atakuonyesha kwa kidole, na hapo atakuwa amekwisha kukufundisha jambo: maji yanapogonga mawe na kuvunjika ndipo yanapochanganyika na hewa, na hewa hiyo ndiyo wanayovuta samaki na wadudu wa mtoni. Palipo kimya, hewa ni haba. Mpe jiwe lililotolewa majini. Likiwa na utelezi mwembamba tu, ni dalili njema. Likiwa limevaa ute mzito kama mafuta ya gari, mto una uchafu. Tope linalonuka kama yai viza limekosa hewa kabisa, na harufu hiyo mara nyingi ataitaja yeye kabla yetu sisi wenye macho.

Beseni ni la kiziwi. Jicho lake limezoea kuona kinachotupita. Buu la kereng'ende mle ndani ni habari ya kufurahisha, maana wengi wa jamii hiyo huyakimbia maji machafu mno. Akiwaona funza wembamba wekundu peke yao, mambo si mazuri. Wekundu wao hutokana na kitu kilekile kinachoipa damu yetu rangi, nao huwawezesha kuishi mahali ambapo wengine hukosa pumzi. Mwalimu naye akubaliane na mtoto mapema juu ya alama za mikono za buu, ukingo na mafuriko, wala asiseme huku amegeukia mto. Mgongo haufundishi kiziwi.

Mwenye kiti cha magurudumu ashike saa. Pima mita 10 ukingoni, tupa chungwa majini, hesabu sekunde. Chungwa hufaa kwa sababu sehemu yake kubwa huzama, upepo usilisukume. Likichukua sekunde 20, mto unakwenda nusu mita kwa sekunde. Mwendo huo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya maji kumsukuma mtu huongezeka mara nne. Hesabu hiyo kila mtoto wa jiji hili aifahamu.

Kwa nini? Tushuke tuone. Vingunguti, penye machinjio na mabwawa ya majitaka, na Tabata, tupite upesi, pua itatueleza. Mboga nazo hulimwa bondeni humo, na watafiti wamekuta ndani yake madini mazito kama risasi. Tusimame Jangwani. Mnamo Desemba 2011 mafuriko yaliwaua watu wapatao 40 jijini, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Mvua iliyonyesha vilimani Pugu yaweza kukukuta Jangwani chini ya anga lisilo na wingu. Watu hupiga kelele, gari hupita na kipaza sauti. Nani humgusa bega kiziwi aliyelala? Nani amemwambia asiyeona kwamba njia aliyoihesabu kwa hatua tangu utoto imekatwa? Mtoto aliyefundishwa mto huweza kujua mwinuko uko upande gani, na jirani aliyesoma naye hujua alama ya mkono ya kumwambia.

Sheria zipo. Ile ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki ya mtoto kusoma pamoja na wenzake, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli ziharibuzo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mahali pa kuanzia napo papo: Shule ya Msingi Uhuru Mchanganyiko husomesha wasioona pamoja na wanaoona, na Buguruni, si mbali na bonde lenyewe, kuna shule ya viziwi. Sioni haya kusema kwamba kinachokosekana mara nyingi ni nauli ya basi na mzazi mmoja wa kumsaidia mwalimu. Mzazi huyo aweza kuwa wewe, siku ya mapumziko.

Safari iishie Salender, maji yakiwa yametoka. Hapo hukua mchu, mojawapo ya miti ya mikoko, ambao mizizi yake huchomoza topeni kama penseli zilizosimikwa. Mshike mkono mtoto asiyeona, mwinamishe taratibu, azipapase moja moja. Mwambie kwamba mti unapumua kwa hizo. Kiziwi atakuwa amekwisha kuwaona kaa wanaoingia mashimoni, naye atamvuta mwenzake nguo ili amwonyeshe.